Gauni la Amana

Enzi zetu, wenzangu, gauni jipya lilikuwa na siku yake, na siku yenyewe ilikuwa Idi. Hukuwa ukimwona mtu kavaa nguo mpya Jumatano tu hivi, hana harusi wala hana mgeni. Leo mjukuu wangu Raiyan analala kifudifudi kitandani, anabonyeza simu, kesho yake kijana wa bodaboda yuko mlangoni na mfuko. Keshokutwa gauni liko chini ya kitanda, na ukiuliza unaambiwa limeshaonekana. Limeshaonekana wapi? Kwenye simu! Nikamwambia, mwanangu, sisi gauni likishaonekana ndiyo kwanza linaanza kazi. Akacheka, akanipiga picha.

Simkasirikii. Ni umri wake, na mimi kwa umri ule nilikuwa napenda nguo kuliko yeye. Lakini kila nikiliona gauni limetupwa chini ya kitanda roho inaniuma, na sababu yake nataka kuisema leo mbele ya wale walioishi siku zile, maana hao ndio watakaonielewa.

Mliokulia mjini Unguja mnayakumbuka maduka ya Gulabi. Yalikuwa matatu: lile kubwa la Mchangani, la kati lililokuwa kwetu Mlandege, na kijiduka cha Kikwajuni ambacho wakiingia wateja wawili, wa tatu husubiri nje. Yote milango yake ilipakwa rangi ya waridi, rangi ambayo Wahindi huiita gulabi, na jina likaganda. Mwenyewe alikuwa Bi Shirini, Mhindi mnene mwenye sauti ya kukwaruza, pamoja na mumewe ambaye kazi zake zilikuwa mbili tu, kukata vitambaa na kunyamaza. Hawakuuza nguo za watoto wachanga wala za mabibi harusi. Waliuza nguo za vigori, sisi tuliokuwa tumechoka kuvalishwa kama watoto na hatujaruhusiwa kuvaa kama wakubwa. Tena waliuza kwa bei ya mnyonge, kwa sababu walishona kwa vipande vya mwisho wa majora ya vitambaa ambavyo maduka makubwa yalikuwa yakivitupia pembeni.

Ukisukuma mlango ule unapokewa na harufu ya kitambaa kipya, mafuta ya cherehani na udi ambao Bi Shirini aliufukiza asubuhi. Magauni yalitundikwa kwenye kamba kutoka ukuta huu mpaka ule, na feni la dari likizunguka yote yanatikisika kama yanatuita. Hapakuwa na kijichumba cha kujaribia nguo. Ulisimama kati ya duka mikono juu, Bi Shirini anakupima kwa shibiri za mkono wake, huku anakusema: "Wewe mama yako anakupa nini? Juzi tu nimekupima, leo umekuwa mnara!"

Na kila gauni la Gulabi lilikuwa na upindo wa kukua. Mnaukumbuka? Chini ya gauni kitambaa kilikunjwa ndani kwa upana wa kiganja kizima, kikashikizwa kwa uzi wa mkono, mishono mirefu mirefu ya kufumuka kwa urahisi. Ukirefuka, mama anafumua kidogo na gauni linateremka nawe. Pale ulipokuwa upindo wa mwanzo panabaki mstari, kwa sababu juu kumepauka na chini bado kuna rangi. Mtu akikutazama magotini anajua gauni lako lina Idi ngapi. Tulikuwa hatuoni haya, kila mtu alikuwa na mistari yake.

Jambo jingine la Bi Shirini ni hili. Hakukuuliza unataka gauni gani. Alikuuliza, "Shoga yako nani?" Maana kigori wa Unguja hakuwa akivaa Idi peke yake. Ilikuwa lazima uwe sare na shoga yako, kitambaa kimoja, mshono mmoja, mpaka utepe wa nywele. Kwa hiyo Bi Shirini alishona jozi jozi kama viatu, na jozi hiyo hakuirudia tena kwa watu wengine wa mtaa ule. Ukienda peke yako alikufukuza: "Nenda kamlete mwenzako, mimi siuzi kiatu kimoja."

Shoga yangu mimi alikuwa Nasra.

Mapinduzi yalinikuta bado sijaanza skuli. Nilipoanza, mwalimu alitupanga kwa kimo, na mimi na Nasra tulikuwa kimo kimoja, tukakalishwa dawati moja. Babu yangu mimi alitoka bara, Mmanyema, na baba alikuwa mchukuzi bandarini. Nasra alikuwa Mwarabu. Baba yake alikuwa na shamba zamani, na nilipomjua mimi shamba halikuwepo tena, alikuwa akikaa mlangoni pao akitengeneza saa za watu, kainama, haongei. Wakubwa walikuwa na yao. Kulikuwa na watu waliomwuliza Mama kwa nini ananiacha nicheze kule, na nina hakika kulikuwa na waliomwuliza Bi Zuena, mama yake Nasra, swali hilo hilo. Mama alijibu, "Watoto wanacheza mdako, hawagawi nchi." Akaendelea kuchambua mchele wake.

Tulicheza mdako, tukacheza nage mpaka mguu unachubuka, tukacheza kibe kwenye vichochoro ambavyo ukijificha vizuri unasahauliwa. Kwao nilikula mkate wa mofa na papa, kwetu yeye akila muhogo wa nazi na kulamba sahani. Skulini siku nyingine walikuwapo waliomtupia maneno kwa ajili ya nywele zake na kabila lake, na mimi, ambaye ulimi wangu tangu zamani haukujaaliwa subira, niliwajibu hata nikapigwa. Lakini siku ya Idi hapakuwa na wa kumtupia neno. Tulitoka mkono kwa mkono tukiwa sare, hina imeiva, tumejipaka wanja mpaka tunaonekana kama majini, tunazunguka nyumba za jamaa kuomba mkono wa Idi, senti mbili tatu, kisha tunakwenda zetu Mnazi Mmoja kwenye pembea. Wazee wasiotujua walikuwa wakituuliza, "Nyie ndugu?" Tunajibu kwa pamoja, "Naam!" Na hakuna aliyetukatalia, maana nguo ilikuwa shahidi.

Wallahi sijapata tena furaha kama ile. Nimeolewa, nimezaa, nimekwenda Hija, yote nashukuru, lakini ile ya kuulizwa nyie ndugu na kujibu naam ilikuwa furaha ya peke yake.

Kisha zikaja zile siku mnazozijua. Kwanza mchele ukawa wa foleni, halafu sukari, halafu sabuni, mwisho kitambaa. Kijiduka cha Kikwajuni kikafungwa. Idi iliyofuata likafungwa la Mlandege, na mlango wa waridi ukawekewa ubao. Lilibaki la Mchangani, nalo kamba zake zilikuwa tupu, feni likizungusha hewa. Ikaja na amri ya nguo fupi, kwamba hakuna kuonyesha magoti, na hapo ndipo mji mzima ulipomshukuru Bi Shirini, maana ndani ya alasiri moja kila nyumba ilikuwa inafumua upindo. Vigori tulilala na vigauni tukaamka na magauni. Tulicheka sana. Tulikuwa tunacheka hata kwenye foleni, wakubwa wanatutazama kama wendawazimu.

Mwaka ninaousema mimi ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, Ramadhani iko ukingoni. Bi Zuena alitupeleka mimi na Nasra Mchangani, kwa sababu Mama alikuwa amepanga foleni ya mchele tangu asubuhi. Tulipoingia, Bi Shirini hakutuuliza shoga yako nani. Alikuwa amekaa. Sikuwahi kumwona Bi Shirini amekaa dukani. Nyuma yake, kwenye kamba, lilikuwa limetundikwa gauni moja.

Nalieleza, mnisamehe, maana nalijua kuliko uso wangu. Rangi yake ya ndimu iliyowiva, na vidoto vyeupe vidogo kama punje za mchele. Kola nyeupe ya lesi, mikono ya puto, na mkanda wa kufungia nyuma kwa fundo la kipepeo. Upindo wake ulikuwa mpana kuliko wote niliowahi kuuona, kama vile mumewe Bi Shirini alijua kuwa hatakata kingine.

"Jozi yake?" akauliza Bi Zuena.

"Hakuna jozi. Kitambaa kimekwisha, na hakiji kingine." Akatutazama mimi na Nasra, akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Leo nauza kiatu kimoja, Mungu anisamehe."

Nasra akasema, "Apewe Mwaju." Mimi nikasema, "Apewe Nasra." Na kila mmoja wetu macho yake yako kwenye lile gauni. Tulikuwa watoto, tusitafutiwe utukufu. Bi Zuena akatutazama mmoja mmoja, kisha akalichukua liwe la binti yake, kwa sababu yeye ndiye mama aliyekuwapo, na mama yangu alikuwa kwenye mchele. Haki yake. Ningekuwa na mama pale naye angefanya hivyo hivyo.

Njiani nililia. Sikulia kwa sauti, lakini kila mtu aliyetupita aliona. Nasra akanishika mkono akasema, "Sitolivaa peke yangu, wallahi Mwaju, sitolivaa." Nikamvuta mkono. Nilisema moyoni, utalivaa tu, na mimi nitakutazama.

Siku mbili tatu baadaye, alasiri ambayo watu walikuwa wakitazamia mwezi kuandama, Mama na mimi tulikuwa jikoni tunapika visheti vichache kwa unga tuliouwekea akiba. Bi Zuena akabisha hodi. Peke yake, bila Nasra. Nikatoka nikampa shikamoo na kumbusu mkono, akaitikia marahaba, na mkono wake hakuutoa kichwani kwangu upesi. Kabeba kifurushi ndani ya kanga. Akakifungua, likatoka lile gauni.

"Bi Tatu," akamwambia Mama, "niwekee hili gauni la Nasra. Idi hii twenda shamba kwa jamaa, na shamba matope, litaharibika bure."

"Inshallah, litakuwapo," Mama akasema. "Mkirudi mtalikuta."

Bi Zuena akalichukua gauni akalipachika mabegani pangu, hivi, kama mtu anayepima. Akarudi nyuma hatua akatazama. "Ehe," akasema, "wamelingana hawa, yeye na mwenzake." Kisha akalikunja yeye mwenyewe, akampa Mama mkononi, wakaombana radhi kama watu wanavyoombana radhi mwisho wa mwezi mtukufu. Akaenda zake. Hata kahawa hakunywa.

Ingekuwa leo ningejiuliza. Nani anayeondoka mjini Idi kwenda shamba, na watu wote wa shamba wanakuja mjini? Kigori gani anayeliacha gauni lake jipya la Idi nyumbani kwa watu? Lakini mimi nilikuwa na ghadhabu zangu. Niliona Nasra kalileta gauni kwetu kunitambia, na yeye mwenyewe hata kuja hakuja.

Idi Mosi nikavaa gauni langu la zamani lenye mistari yake magotini, nikaenda kwao kumtafuta. Nilisema labda wamebadili shauri. Mlangoni palikuwa na kufuli. Kile kiti cha baba yake cha kutengenezea saa kilikuwa barazani kimegeuzwa miguu juu. Jirani yao, mama mmoja mtu mzima, akanitazama akasema taratibu, "Nenda nyumbani, mwanangu. Hawapo." Halafu akaangalia huku na huku na kufunga dirisha lake. Basi nikajua. Siku zile mtoto alijua mambo bila kuambiwa, watu walikuwa wakiondoka hivyo, leo wapo, kesho kufuli. Hawakuaga kwa sababu aliyeagwa naye angeitwa serikalini akaulizwa.

Niliposema nyumbani, Mama aliketi kwenye mkeka akajifunika uso kwa kanga. Baada ya muda akainuka, akalitia gauni sandukuni chini kabisa, akaweka kafuri ili nondo wasiliguse.

Idi iliyofuata ndiyo Idi ya kile kitambaa. Waliokuwepo mnakumbuka, na wasiokuwepo wataona natia chumvi. Kililetwa kitambaa cha aina moja kwenye duka la foleni, rangi ya kahawia na michirizi ya manjano, na kila nyumba ikapata mgao wake. Mji mzima ukashona kitambaa kimoja! Vigori magauni, wavulana mashati, mabibi foronya, na kilichobaki kikawa pazia. Ukienda kutoa mkono wa Idi kwa watu ukaegemea dirisha, huonekani. Baba alitoka nje akamkuta jirani kavaa blauzi ya mkewe akidhani shati lake, maana huwezi kujua lipi la nani. Wazee wakasema, haya, sasa tumekuwa ndugu sote.

Na mimi, jamani, siku ile nilimlilia Mama. Gauni langu la zamani lilikuwa limepasuka kwapa na upindo umekwisha, hakuna cha kufumua. Nikamwambia, "Mama, lile la Nasra limo sandukuni. Linanienea. Nasra hatorudi."

Mama alikuwa mpole, lakini siku ile alinigeukia na macho ambayo sijayasahau. "Mwenyewe yuko hai?"

"Sijui."

"Basi kama hujui, yuko hai. Na amana haivaliwi. Watu wamekwenda na hawana kitu duniani, kitu chao kimoja kimebaki kwangu, na mwanangu akivae? Nikafe na nini?"

Nikatoka na kitambaa cha foleni. Nilipofika Mnazi Mmoja nilisimama karibu na pembea nikatazama. Wasichana wote, mpaka wale waliokuwa hawanijui, wale niliokuwa nikigombana nao skulini, sote sare. Nilikuwa sare na mji mzima isipokuwa mtu mmoja. Hakuna aliyeniuliza nyie ndugu. Nikarudi nyumbani mapema na kumwambia Mama kichwa kinauma.

Bi Shirini naye alikuja kuondoka na mumewe. Yeye aliaga, alipita nyumba za wateja wake moja moja, kwetu alikaa akanywa chai ya rangi na kunipima shibiri mabegani kwa mazoea tu, kisha akasema, "Mnara." Milango ya waridi ilipakwa rangi nyingine. Leo mkipita Mchangani, pale pana duka la simu, na kila nikipita natazama bawabani, ambapo rangi imebanduka, na ndani kabisa bado pana chembe ya gulabi. Raiyan anasema nitagongwa na pikipiki kwa kushangaa milango ya watu.

Kila mwaka kabla ya Idi Mama alilitoa gauni la Nasra, akalianika kivulini, akalifukiza udi, akatia asumini mpya kwenye mikunjo na kulirudisha. Nikarefuka, likawa halinienei. Nikaolewa, nikazaa mabinti, wakafika kimo chake na wakapita. Hakuna aliyeruhusiwa. Tulipohama Mlandege tukaja Mpendae, Mama alibeba sanduku lile kwa mikono yake, hakuliamini gari. Alipokuwa mgonjwa wa mwisho wasia wake haukuwa na mambo mengi. Alitaja deni la saumu zake, akataja kuku wagawiwe, kisha akasema, "Na gauni la watu, Mwaju." Nikamwambia nitalitunza, Mama. Akafa ametulia.

Barua hazikuja. Mwanzo watu waliogopa kuandika, na woga ulipokwisha anwani zilikuwa zimekufa. Nikasikia tu, wamefika Maskati, na habari hiyo niliipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu.

Mwaka juzi, asubuhi, nachambua dagaa, nikasikia hodi ya mtu asiyeijua nyumba. Mwanamke kavaa buibui jeusi zuri, miwani, kashika fimbo, nyuma yake dereva wa teksi. Alikuwa ameulizia Mlandege nzima mpaka akaelekezwa Mpendae.

"Mwaju," akasema, "weye huyo?"

"Naam," nikajibu, kabla sijamjua. Kisha nikamjua.

Tulilia mpaka dereva akaenda kukaa garini. Alikuwa anazungumza Kiunguja cha zamani, kile cha mama zetu, ambacho hata Raiyan hakijui, kama mtu aliyekihifadhi asikitumie na mtu. Aliniambia wazazi wake wamefariki kule, baba kwanza. Aliniulizia Mama. Nikamwambia. Kisha nikasema, ngoja, nina kitu chako. Nilijiona nina raha isiyo kifani, maana tangu utoto wangu niliingoja siku hiyo, na Mama kaburini aliingoja na mimi.

Nikalileta. Nikalitandaza juu ya mapaja yake, rangi ya ndimu imefifia kidogo kwenye mikunjo, vidoto vyote vipo, kola imekuwa kama siagi, na upindo haujaguswa.

Nasra akalitazama. Akanitazama mimi. "Hukulivaa?"

"Ningelivaaje? Amana."

Akafunga mdomo kwa mkono. Mimi nadhani analia kwa furaha. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Mwaju, lilikuwa lako. Nilimwambia Mama sitaki kwenda nalo, apewe Mwaju. Nililia kutwa nzima. Mama akasema nitampaje bila kumwambia sababu? Mtu hatoi gauni la Idi la mwanawe hivi hivi, Bi Tatu atajua twaondoka, na akijua ataulizwa. Akasema nitamwambia aniwekee. Tukishaondoka ataelewa mwenyewe."

Nikaushika ule upindo usioguswa.

"Kule kila Idi," akaendelea, "nilikuwa nikimwambia Mama, saa hizi Mwaju keshavaa, yuko kwenye pembea. Mwaka wa pili nikasema, sasa wamefumua upindo. Nilikuwa nakuona. Hilo ndilo lililonifanya nistahimili."

Raiyan alikuwa mlangoni anasikiliza, kwa mara ya kwanza simu haiko mkononi. Akaja, akalichukua gauni polepole, akajaribu kulipitisha kichwani. Halikupita mabegani. Akalivua kwa adabu na kulirudisha. Nyumba nzima, wanangu, wajukuu, hakuna linayemwenea, limempita kila mtu njiani.

Namshukuru Mungu Mama alikufa hajui. Yeye aliona amelinda haki ya watu, na ndivyo alivyokwenda nayo kwa Mola wake. Bi Zuena naye alikufa akiamini Mama ameelewa. Mama wawili wakweli, kila mmoja na heshima yake, na mimi kati yao nilitoka na kitambaa cha foleni. Niliwakasirikia wote kwa siku kadhaa, nisiseme uongo. Kisha hasira ikaisha, nikabaki na huzuni, na huzuni hii naona haina haraka ya kuondoka.

Siku ya kusafiri Nasra nilimpa gauni aende nalo. Akakataa, "Lako." Nikamwambia lako. Tulivutana mlangoni kama tulivyovutana kwa Bi Shirini, watu wazima wenye magoti mabovu, mpaka tukacheka, na teksi ikapiga honi. Akaniachia.

Siku hizi watoto wana nguo, alhamdulillahi, zinakuja mpaka mlangoni na hakuna anayepanga foleni. Hakuna anayewauliza shoga yako nani, na hilo ndilo ninalowahurumia, ingawa wenyewe wananihurumia mimi. Idi iliyopita nilitoa sanduku, nikalianika gauni kivulini, nikalifukiza, nikatia asumini. Raiyan akaniuliza kwa nini naendelea, na amana imekwisha. Nikamwambia silitunzi tena kwa ajili ya watu. Ni langu, lilikuwa langu tangu siku ile. Kunienea ndiyo halinienei tena.